Kisu cha Kangaja

Jovial, kijana wa pikipiki, alianza kupiga kelele tangu getini.

"Chirurgien amefika! Mama Syntiche, toka! Chirurgien ya Dar es Salaam njo huyu, tena amesafiri ndani ya carton!"

Alikuwa amebeba begani sanduku la frigolite, lile boksi jeupe jepesi la kusafirishia samaki hai, na nyuma yake pikipiki ilikuwa bado inanguruma. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na mabeseni ya ndagala, dagaa wa huko, wakasimama. Mmoja akauliza kama ni kweli kuna daktari mpya wa kupasua, maana shemeji yake ana hernia toka mwaka jana. Jovial akamwonyesha maandishi ya juu ya boksi, *poisson-chirurgien, vivant*, yaani samaki-mpasuaji, hai, akacheka mpaka akakohoa. Mwanamke akasonya na kwenda zake, na alikuwa na haki.

Syntiche hakucheka. Alikuwa amelala vibaya. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani, akaingia nalo ndani.

Kazi yake ilikuwa kutunza samaki wa mawe katika nyumba ya Papa Édouard, pale Kalemie, ukingoni kabisa mwa maji. Wapiga mbizi wanawatoa kwenye miamba, wadogo kama kiganja, wa njano, wa kahawia, wenye mistari. Syntiche anawaweka kwenye matangi ya vioo, anawalisha, anawaangalia mpaka wazoee, halafu wanafungwa kwenye mifuko ya hewa na kupelekwa Kigoma, toka Kigoma Dar, toka Dar huko kwa watu wanaofuga samaki sebuleni. Kalemie nzima haijamaliza kushangaa kwamba duniani kuna binadamu anayemlisha samaki kila siku na hamli. Papa Édouard mwenyewe alikuwa Lubumbashi kwa shughuli zake, na nyumba yote, matangi yote, yalikuwa mikononi mwa Syntiche.

Lakini samaki huyu wa leo hakuwa wa Papa Édouard. Alikuwa wa familia. Alikuwa ametumwa na Glody, mdogo wake Syntiche, na alikuwa anakuja kutoa ushahidi mbele ya mama yao.

Kesi ilikuwa ya miaka sita. Glody alikwenda Dar akajifunza kuzamia samaki wa rangi kwenye maji ya huko, akarudi Noeli kusalimia nyumbani, na kiganjani alikuwa na jeraha lenye nyuzi, limenyooka toka chini ya kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo cha mkono. Kwa bahati mbaya, msimu uleule ilikuwa imevuka habari kutoka Kigoma kwamba vijana wa Kalemie wamevunja duka kwa visu na mmoja amekimbia akiwa ameumia mkono. Mama yao, Mama Emilie, akamwuliza mwanawe mezani, mbele ya wajomba na majirani, nani amemkata. Glody akajibu kwamba amekatwa na samaki. Wajomba wakacheka. Mama Emilie hakucheka hata kidogo.

"Toka nizaliwe pembeni ya maji," alisema, "sijaona samaki ya kukata mutu na kisu. Sasa niambie mbele ya hawa watu: nilizaa mwizi ao nilizaa muongo?"

Glody hakuchagua. Kulipokucha kitanda chake kilikuwa kitupu. Toka siku hiyo Mama Emilie hakulitamka jina lake tena. Akilazimika sana alisema "ule". Glody naye alipiga simu kwa dada yake tu, na kila alipoulizwa kama ana neno kwa mama, alijibu kwamba network ni mbaya.

Na Syntiche? Syntiche alikaa katikati miaka sita kama mlango unaogongwa pande zote mbili. Alimwamini mdogo wake. Lakini kuamini kwake hakukumsaidia Glody, maana Mama Emilie alisema dada siku zote anaamini. Ndipo juzi Glody alipopiga simu, sauti inakwenda na kurudi, akasema ameamua kumtuma mwenye kosa mwenyewe.

"Dada, nakutumia kangaja," alisema. Zamani alikuwa anamwita yaya, kama mdogo yeyote wa Kalemie anavyomwita dada yake mkubwa. Dar ilikuwa imemfunza kusema dada. "Ndiye aliyenikata. Ni wa buluu, uso mweusi, mgongo wa njano. Kazi yake kutwa ni kukwangua majani yale ya kijani kwenye matumbawe."

"Matumbawe ni nini?"

"Mawe ya huku. Lakini ni mawe hai, yanaota. Asipoyakwangua, ule ukijani unayafunika yanakufa. Kila mmoja ana kipande chake na anakilinda vikali, ndiyo maana ana kisu. Kiko mkiani, kila upande kimoja. Mama akimwona atajua. Na hawa wakizaliwa hawana rangi, dada. Wanaonekana kama kioo. Maji yanawabeba mbali, mpaka wafike kwenye mawe yao, ndiyo wanapata rangi. Sasa sikiliza vizuri. Muweke kwenye maji ya bahari. Ya bahari tupu, usimchanganyie na ya bomba, atakufa. Na huo mfuko mwingine niliouweka ndani..."

Hapo network ikafa kweli. Toka hapo kila Syntiche alipopiga, simu haikupatikana. Glody alikuwa kisiwani na wazamiaji wenzake.

Haikumtia Syntiche wasiwasi. Alilosikia lilimtosha. Maji ya bomba hata samaki wake mwenyewe hakuwapa, kwa ajili ya dawa wanayotia. Na maji ya bahari anayo tele. Bahari si hiyo hapo mbele ya mlango? Kwenye vitabu vya shule inaitwa ziwa Tanganyika, lakini hakuna mtoto wa Kalemie anayemwambia mama yake anakwenda kuoga ziwani. Wanaoga baharini, wanafua baharini, ndagala wanatoka baharini. Asubuhi na mapema Syntiche alikuwa ameteka mwenyewe, mbele kabisa ambako maji ni safi, akajaza tangi kubwa la dirishani, akaweka pampu ya hewa na jiwe lenye ukijani mwingi.

Mama Emilie alikuwa njiani anatoka Moba, anakoishi, kwa boti, anakuja kwenye sikukuu ya wamama wa kanisa. Syntiche alikuwa amemwomba apitie kwanza kazini kwake, bila kusema kwa nini. Angejua sababu, angebaki bandarini.

Alilifungua boksi juu ya meza. Ndani palikuwa na mfuko wa maji umevimba kwa hewa, na chini yake mfuko mwingine, mzito, umefungwa kwa kipande cha kitambaa. Akaufungua huo wa chini, akaona vitu vyeupe vya unga, akagusisha ulimi. Chumvi. Macho yakamlenga machozi. Watu wa Moba wanatia samaki chumvi na kuanika, na mama yao alikuwa analalamika kila mwaka kwamba chumvi ya sokoni haina nguvu. Kumbe Glody hakusahau. Hajaweza kusema samahani, basi ametuma chumvi. Akaufunga tena vizuri, akauweka juu ya rafu pamoja na vitu alivyomwekea mama.

Halafu akaushusha mfuko wa samaki kwenye tangi ili joto la maji lilingane, kama anavyofanya siku zote. Baada ya muda akaukata mdomo, akamteka samaki kwa bakuli, akamwachia taratibu ndani ya tangi. Maji ya safari aliyamwaga kwenye beseni chini ya meza. Hayo hayatupwi mpaka samaki ale. Ndiyo desturi ya nyumba ile.

"Eeh, Mungu," alisema Jovial.

Hata Syntiche alisogea karibu. Kangaja alikuwa wa buluu kama kikwembe kipya cha kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja. Uso mweusi, kidevu cheupe, pezi la mgongoni njano mwanzo hadi mwisho. Mdomo wake mdogo ulikuwa umechongoka mbele, na kwa mdomo ule Syntiche alimtambua mara moja: ni mdomo wa kukwangua, uleule wa samaki wake wa mawe.

"Na kisu?" Jovial akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Kiko mkiani."

"Miye sioni."

Syntiche naye hakukiona. Pale mkia unapoanzia aliona mstari tu, mwembamba, kama mkunjo wa ngozi. Akajiambia mama atakapofika watakitafuta vizuri.

Kangaja akazunguka tangi mara moja, mara mbili. Halafu akaanza kukimbia. Alipiga kioo cha kushoto kwa uso, akageuka, akapiga cha kulia. Syntiche akachukua kitambaa akafunika upande mmoja, maana samaki mgeni huwa anaogopa mwanga. Haikusaidia. Samaki alipanda juu, akashuka, akajisugua kwenye jiwe kama mtu anayewashwa, na ghafla akasimama katikati ya maji, anapumua haraka haraka, mashavu yanafunguka na kufungika.

"Labda ni uchovu ya safari," alisema Jovial.

"Labda."

"Ao njaa."

Syntiche akalisogeza jiwe la ukijani mpaka mbele ya mdomo wake. Samaki wake wa mawe, hata mwenye homa, haliachi jiwe kama lile. Kangaja hata hakulitazama. Na rangi ilikuwa inamtoka. Buluu ilikuwa inafifia toka tumboni kupanda juu, inakuwa ya kijivu, ya majivu ya jikoni. Utando kama wa ute ukaanza kumtoka mwilini.

Ndipo umeme ukakatika. Pampu zote zikanyamaza kwa pamoja, na nyumba ikawa kimya kabisa.

"Courant nayo!" Jovial akapiga paja.

Hofu ilimshika Syntiche. Si hofu ya samaki kufa. Samaki wanakufa, kila mwezi wanakufa. Alimwona mama yake anaingia mlangoni, anaonyeshwa kitu cha kijivu kinaelea tumbo juu, na kuambiwa kwamba hiki ndicho kilichomkata Glody. Alisikia na jibu lake. Baada ya jibu lile hapatakuwa na jingine, maana Mama Emilie harudi mara mbili kwenye jambo. Na Glody akiambiwa samaki amekufa mikononi mwa dada yake, hata simu za yaya ataacha kupiga.

Akampigia. Namba unayopiga haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Kangaja akaanza kulala ubavu.

Alilala taratibu, akajinyanyua, akalala tena. Syntiche alifikiri kwamba labda tangi limebaki na sabuni. Labda ni pampu kuzimika. Labda maji ni baridi. Alifikiri kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Mwisho akaamua kumtoa tu, amrudishe kwenye beseni la maji ya safari, kwa sababu moja isiyo na elimu ndani yake: kule alikuwa mzima.

Akachukua wavu mdogo wa mkono, akamkinga. Samaki aliyekuwa anakufa akapata nguvu sijui wapi. Alijipiga mkia mara moja tu, na wavu ukamshika. Kuna kitu mkiani mwake kilikuwa kimejinasa kwenye nyuzi kama ndoano. Syntiche alimnyanyua nje ya maji, akamtikisa, hakutoka. Alikuwa ananing'inia pale kwenye wavu, mdomo wazi.

"Muache, atakufa hivi!" Jovial alipiga kelele, kama vile Syntiche alikuwa hajui.

Akaingiza mkono wa kulia kumnasua. Kangaja akapiga mkia mara ya pili.

Hakusikia maumivu. Alisikia ubaridi tu, kama mtu aliyepitishiwa uzi wa maji kiganjani. Halafu akaona damu, nyingi, inashuka mpaka kwenye kiwiko. Samaki alikuwa amenasuka, ameanguka ndani ya mfuko wa wavu. Syntiche, wavu ukiwa mkono wa kushoto, akafanya anachofanya kila mtu wa pembeni ya maji akijikata: aliuzamisha mkono wake kwenye maji ya karibu. Ya karibu yalikuwa yale ya beseni.

Akalia kwa sauti.

Iliunguza kama pilipili mbichi. Akautoa mkono, akautazama, halafu akaupeleka mdomoni kama mtoto. Damu, na juu ya damu, chumvi. Chumvi kali ya kukunja uso.

Syntiche alisimama vile, kiganja mdomoni, na maneno ya simu yakarudi moja moja. Muweke kwenye maji ya bahari. Ya bahari tupu. Mfuko mwingine niliouweka ndani. Glody alikuwa amesema bahari, na Glody wa miaka sita iliyopita angesema bahari akiwa anamaanisha hiyo hapo nje, waliyoogea wote wawili. Lakini Glody wa leo anasema dada. Bahari yake imehama naye. Na yeye, Syntiche, anayesifiwa na Papa Édouard kwa kujua maji, amemchukua samaki wa chumvi akamtumbukiza kwenye maji matamu, halafu chumvi yake akamwekea mama yake ya kukaushia samaki! Nani Kalemie amewahi kumtia chumvi samaki aliye hai? Chumvi ni ya samaki aliyekufa. Alijiona mjinga mpaka akataka kucheka, na hasira ikamzuia.

Akaugeuza wavu juu ya beseni. Kangaja akaanguka, akalala chini ubavu, hatikisiki.

"Jovial! Kikombe! Chota maji, mwaga toka juu. Chota, mwaga. Usiache."

"Juu ya nini?" Jovial akauliza sababu.

"Hewa! Mutie hewa!"

Jovial, ambaye kwa kawaida anauliza maswali matatu kabla ya kufanya jambo moja, safari hii alichota. Syntiche akafunga kiganja kwa ukanda wa kikwembe chake, akaushusha mfuko wa chumvi kwenye rafu. Maji ya beseni yalikuwa machache mno, tena yamechafuka na safari. Samaki hawezi kukaa humo muda mrefu. Akachota maji ya ziwa kwenye ndoo, akatia chumvi, akakoroga kwa mkono mzima, akaonja ya beseni, akaonja ya ndoo. Bado. Akatia, akakoroga, akaonja, akatema. Bado. Ulimi ukaanza kumdanganya, akaupangusa kwa shati la kazi na kuanza upya. Alipoona yote mawili yanamkunja uso sawasawa, akaanza kuongeza ya ndoo kwenye beseni, kikombe kwa kikombe, polepole.

Simu ikalia. Syntiche aliirukia, akidhani ni Glody.

"Nimefika," ilisema sauti ya Mama Emilie. "Nasimama hapa bandarini na mizigo. Nani anakuja kunichukua, ao nirudie?"

Jovial alikwenda, na Syntiche akabaki peke yake na beseni.

Akapiga magoti akachota na kumwaga. Kiganja kilikuwa kinavuja kupitia kitambaa, na kila mara maji yalipokifikia, chumvi ilimkumbusha. Hakubadilisha mkono, maana wa kushoto ulikuwa mvivu. Alichota na kumwaga. Alimwambia samaki maneno ambayo si ya kumwambia samaki: simama, bwana, simama, weye ndiye ulifanya haya, simama useme. Alichota na kumwaga, na nje alisikia pikipiki kwa mbali, ikapita, haikuwa yao.

Pezi la njano likatikisika.

Syntiche akashika pumzi. Kangaja akajiinua kidogo, akalala, akajiinua tena, akabaki amesimama, ameinama upande kama mlevi, lakini amesimama. Mashavu yalianza kupumua kwa kipimo. Syntiche aliendelea kuchota, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona. Pikipiki ilipoingia getini, buluu ilikuwa imeanza kurudi mgongoni, hafifu, lakini buluu.

Mama Emilie aliingia ameshika mkoba wake mwenyewe. Ni mwanamke mdogo, amenyooka, hajawahi kukubali kubebewa mkoba. Aliyatazama matangi, akamtazama binti yake yuko chini, amelowa, nywele zimevurugika.

"Mutu anatoka Moba, anakuta mutoto yake anacheza na maji," alisema. "Njo hii uliniitia?"

"Mama, karibu. Pole na safari." Syntiche aliinuka akamsalimu kwa mkono wa kushoto, akiuficha wa kulia nyuma, kwa aibu ya damu. "Njoo uone. Huyu ametoka Dar." Akavuta pumzi. "Ni Glody amemutuma. Anasema samaki aliyemukata ule mwaka, njo huyu."

Jovial aliyekuwa mlangoni akaacha kusugua kofia yake. Syntiche aliona taya la mama yake linakaza, akadhani atageuka aondoke. Lakini alikuja. Aliinama juu ya beseni, mikono imeshika magoti, akamtazama kangaja muda mrefu, na kangaja akazunguka polepole mbele yake, mzuri, mtulivu, mdomo mdogo kama wa mtoto anayenyonya.

"Kisu iko wapi?"

"Mkiani, mama. Pale. Ule mustari."

"Mustari nauona. Nimeuliza kisu."

"Anakikunja, mama. Kinaingia ndani ya ngozi. Akikasirika njo anakitoa."

"Basi mukasirishe."

Syntiche akamtazama samaki. Wavu ulikuwa pale pale sakafuni. Kumkinga mara moja tu, kumnyanyua, na kisu kitatoka. Na alijua kama anavyojua jina lake kwamba mara hii samaki hatarudi.

"Siwezi, mama. Atakufa."

Mama Emilie akanyooka. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lilimwumiza Syntiche zaidi. Ulikuwa umechoka tu. "Kasamaki kazuri," alisema. "Ka kuchezea watoto. Ule alijua vile unamupenda, anakutumia kasamaki kazuri, na weye unaamini." Akauokota mkoba wake. "Jovial, nipeleke kanisani."

"Mama, subiri..."

Syntiche alinyoosha mkono kumshika bega, na kwa haraka alinyoosha wa kulia. Ukanda wa kikwembe, umelowa maji na damu, ukateleza na kuanguka.

Mama Emilie alitazama chini. "Umekatwa na nini?"

Syntiche akalitazama beseni. Hakuna jibu ambalo halikuwa limeshatolewa miaka sita iliyopita.

Mkoba ukawekwa chini. Mama Emilie aliushika mkono wa binti yake kwa mikono yake miwili, akauvuta mpaka dirishani kwenye mwanga, akafungua vidole kimoja kimoja kama vya mtoto aliyeficha kitu. Jeraha lilikuwa limenyooka, safi, toka chini ya kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo. Kidole gumba chake kikapita pembeni ya lile jeraha, bila kuligusa, mpaka mwisho wake, kikarudi. Alifanya hivyo mara nyingi.

"Njo palepale," alisema kwa sauti ndogo. "Njo vilevile."

Akakaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa, bila kuachia mkono. Kangaja akajisugua kidogo kwenye ukingo wa beseni, akaendelea na mzunguko wake. Nje, bahari ya Kalemie ilikuwa inapiga ufukwe.

"Piga simu," alisema Mama Emilie.

Syntiche akapiga kwa mkono wa kushoto, bila matumaini makubwa. Ikalia. Wazamiaji walikuwa wameshatoka kisiwani. Ikalia tena, na sauti ya Glody ikaja, na upepo nyuma yake.

"Haloo, dada! Vipi, yuko hai? Ile chumvi uliiona?"

Mama Emilie akanyoosha mkono, akapokea simu, akaishika sikioni mwake. Upande wa pili Glody alikuwa anaita, haloo, haloo, dada, unanisikia?

"Glody," alisema Mama Emilie.

"Mama? Njo weye?"

"Njo miye, mutoto yangu. Ule mukono yako," akameza mate, "ulipona?"